Mafunzo Manane Niliyopata Mdogo Wangu Akiwa Mahabusu

Mdogo wangu alikuwa mtunza ghala wa kampuni moja hapa Arusha. Mwaka 2017 mzigo ulionekana pungufu, na funguo za ghala zilikuwa mikononi mwake. Alikamatwa pamoja na wenzake wawili, wakasomewa mashtaka ya uhujumu uchumi, na baadaye likaongezwa shtaka la utakatishaji fedha. Wanaozifahamu sheria zetu wanajua maana ya shtaka hilo la pili: hakuna dhamana. Mtu anakaa gerezani bila kuhukumiwa, anasubiri.

Kusubiri kwenyewe kunachosha kuliko adhabu. Mahabusu anapakiwa kwenye karandinga, analetwa mahakamani, anasimama kizimbani. Anaambiwa hatakiwi kujibu lolote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Wakili wa upande wa mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine, hakimu anaahirisha. Baada ya siku 14 yanarudiwa yaleyale. Mdogo wangu aliishi hivyo kwa miaka, na kabla hajatoka mama yetu alifariki. Tulimzika mama mwanawe hayupo.

Sisi ni Wameru, Walutheri tangu kwa babu. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Mimi nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya na nimefunga ndoa katika usharika uleule. Miaka ile ilinipa maswali ambayo katekisimu yetu haikuyagusa. Leo bado ni Mkristo, na haya ninayaandika kwa ajili ya yule anayekaa ibadani Jumapili huku moyo unamwaka, hajui kama anaruhusiwa kuwapo pale.

1. Kumlalamikia Mungu ni kusali

Kanisani kwetu tuna salamu zetu. Ukiulizwa habari za nyumbani unajibu kwamba Bwana asifiwe, Mungu ni mwema, hata kama jana yake umepeleka chakula gerezani ukarudishwa nacho getini. Nilifika mahali ambapo salamu hiyo haikutoka tena mdomoni. Nilijaribu kushukuru kwa kila jambo kama tulivyofundishwa, nikahisi nadanganya mbele ya Yule asiyedanganyika.

Zaburi ndizo zilizonifungua kinywa. Karibu theluthi ya zaburi zote 150 ni maombolezo. Humo watu wa Mungu wanamuuliza atawasahau mpaka lini, kwa nini amewaficha uso wake, kwa nini waovu wanastawi na wanyofu wanaonewa. Nyingi kati ya hizo hugeuka kuwa shukrani kabla hazijaisha. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na waliokusanya Maandiko waliiacha hivyo. Hakuna aliyeiongezea mstari wa kuifanya ipendeze. Waliona kwamba hata sala ya namna hiyo ina haki ya kusomwa hekaluni.

Tangu hapo nilisali kwa Kimeru, jikoni, mlango umefungwa, bila mpangilio. Nilimwambia Mungu kwamba mtoto wa mzee wa kanisa analala sakafuni, kubanana na wenzake, kwa kosa ambalo hakulitenda, na kwamba Yeye anaona. Nilimuuliza anafanya nini. Sikusikia sauti ikinijibu. Lakini niligundua kwamba kila nilipomaliza kulia nilikuwa bado niko naye. Mtu anayekulalamikia bado ana matumaini nawe. Aliyekata tamaa huondoka kimya.

2. Anayekuja na maelezo humwongezea mwenzake mzigo

Walikuja wengi. Mmoja alisema kuna laana ya ukoo upande wa mama, lazima ivunjwe. Mwingine alitaka mdogo wangu atubu dhambi iliyojificha, maana Mungu haachi mwenye haki ateseke bila sababu. Wa tatu alituelekeza kwa mtumishi ambaye angefanya maombi ya kufunguliwa, mradi familia ipande mbegu kwanza. Alitaja na kiasi. Wakati huo mama alikuwa ameshauza ng'ombe wake wa maziwa ili kumlipa wakili. Alimsikiliza yule mgeni hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu hanunuliwi kwa Mungu."

Nimekisoma kitabu cha Ayubu tena na tena. Elifazi, Bildadi na Sofari walipofika kwa rafiki yao walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makuu. Siku hizo saba walikuwa marafiki kweli. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu: kila mmoja alimtetea Mungu kwa kumtia Ayubu hatiani. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao waliomtetea, na kusema kwamba Ayubu, aliyelia na kuhoji na kudai kusikilizwa, ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Kwa hiyo siku hizi ninapokwenda kwenye nyumba yenye msiba au kesi ninabeba unga, ninaingia jikoni, ninamenya ndizi na wenzangu. Nikiulizwa kwa nini Mungu ameruhusu, ninasema sijui, na ninaendelea kumenya.

3. Mwenye mashaka hajatoka nyumbani mwa Mungu

Kulikuwa na majira ambayo sikuhisi chochote. Nilisali bila kuhisi kuna anayesikiliza. Nilijiuliza kama tumejitungia tu haya yote, vizazi na vizazi, ili tuweze kulala usiku.

Aliyenisaidia ni Yohana Mbatizaji. Huyu ndiye aliyesimama mtoni Yordani akamtambulisha Yesu mbele ya watu kwa ujasiri wote. Kisha Herode akamfunga. Akiwa gerezani, Yohana alituma wanafunzi wake wakamuulize Yesu kama kweli ndiye aliyetarajiwa, au wamngoje mwingine. Nabii mkubwa kuliko wote, na kuta za gereza zilimfikisha kwenye swali hilo. Yesu hakumkaripia. Aliwarudisha wale wajumbe na habari za waliyoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Na walipoondoka tu, aliugeukia umati akamsifu Yohana kuliko alivyowahi kumsifu mtu mwingine.

Jambo moja katika habari hiyo linaniuma hadi leo: Yesu hakumtoa Yohana gerezani. Yohana alikatwa kichwa mlemle. Sikumficha mdogo wangu sehemu hiyo nilipomsimulia siku ya kumtembelea, katikati yetu kukiwa na wavu na pembeni askari akiangalia saa. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Dada, basi na mimi nimo." Alimaanisha kwamba yumo katika Biblia, pamoja na maswali yake.

Baadaye nilikutana na habari za Mama Teresa wa Kolkata. Mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilichapishwa barua alizokuwa amewaandikia viongozi wake wa kiroho. Zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 aliishi katika giza la ndani, haoni wala hahisi uwepo wa Mungu aliyekuwa anamtumikia. Alfajiri aliamka, akasali, akaenda kuwahudumia waliokuwa wanakufa mitaani. Mwaka 2016 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu, giza lake likijulikana wazi. Nikaelewa kwamba hisia za imani zinaweza kuondoka na imani ikabaki, ikionekana katika yale ambayo mikono na miguu vinaendelea kufanya. Nikaendelea kwenda ibadani. Nikaendelea kupeleka chakula.

4. Kuna wakati imani yako inashikwa na wenzako

Jumuiya yetu hukutana nyumba kwa nyumba. Ziko nyakati nilikaa katikati yao midomo imefungwa huku wakikiri Imani ya Mitume. Hakuna aliyenigusa bega kunihimiza niseme. Walisema wao, na mimi nilikuwa mle ndani ya sauti zao.

Katika Injili ya Marko wako watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipokuta nyumba imejaa walitoboa dari wakamteremsha mbele ya Yesu. Mwandishi anasema Yesu aliiona imani yao, wale waliobeba. Hatuambiwi yule aliyelala mkekani alikuwa anaamini nini saa ile. Labda alikuwa amechoka kama mimi.

Nami nilibebwa kwa mambo ambayo yanaweza kuonekana madogo. Akina mama wa jumuiya waligawana zamu za kupika chakula cha kupeleka gerezani, ili nisipike mimi kila mara. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hana udugu nasi, alizoea kuja mahakamani na kukaa benchi la nyuma. Hakuwa na la kufanya pale. Alitaka tu mdogo wangu akigeuka aone mtu. Mama alipofariki, kwaya iliimba makaburini mpaka sauti zikakauka, kwa sababu walijua mmoja wa watoto wa marehemu angeuliza baadaye mazishi yalikuwaje.

Na kule ndani alibebwa na mtu ambaye si wa dini yetu. Alilala karibu na mzee Mwislamu, naye mahabusu wa miaka mingi. Mzee huyo alipoamka alfajiri kuswali alimgusa mdogo wangu mguuni, akimwambia naye aamke aombe kwa njia yake. Mwezi wa Ramadhani walikula futari pamoja. Mdogo wangu anasema kwa mzee yule alijifunza jambo ambalo mahubiri mengi hayakumfundisha: kusimama mbele za Mungu kwa wakati wake, kila siku, hata kama tarehe ya kesi haijabadilika.

5. Kumngojea Mungu na kudai haki ni kazi moja

"Mwenye nguvu mpishe," walituambia. Wengine waliiweka kidini zaidi: mwachieni Mungu. Nilielewa kwamba walituogopea. Lakini nilimtazama yule mjane wa Luka 18, ambaye Yesu mwenyewe alimchagua awe mfano wa kusali bila kukata tamaa. Sala ya mjane yule ilikuwa ni kwenda kwa kadhi dhalimu, akarudi, akaenda tena, akidai haki yake dhidi ya mshitaki wake. Hakukaa nyumbani akisubiri. Na nabii Amosi anasema wazi kwamba Mungu huzikataa nyimbo na sikukuu za watu wanaoipindua haki langoni, pale ambapo wazee walikaa kuamua kesi.

Tena sisi Wameru tuna historia yetu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao ifanywe mashamba ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akaieleza dunia yaliyotupata. Hakurudi na ardhi mkononi. Lakini madai yale yalisikika Tanganyika nzima na yakawa sehemu ya safari ya kuelekea uhuru. Babu alitusimulia habari hizo tukiwa wadogo, jioni, baada ya sala.

Basi tuliandika barua. Tulifuatilia jalada kutoka ofisi moja hadi nyingine. Tuliomba nakala ya hati ya mashtaka, tukaisoma mstari kwa mstari, tukamwonyesha wakili tarehe ambazo mdogo wangu alikuwa likizo. Nilipiga magoti asubuhi, kisha nikapanda daladala kwenda kuuliza tena. Sikuona kwamba nimetoka katika sala kuingia katika mambo ya dunia. Aliyenituma kuuliza ni Yuleyule niliyekuwa namwomba.

6. Ukweli una gharama, na kila mtu huipima mwenyewe mbele za Mungu

Septemba 2019 ilitangazwa kwamba washtakiwa wa uhujumu uchumi walio tayari kukiri, kuomba radhi na kurejesha fedha wangeweza kuachiwa. Mwaka huohuo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilifanyiwa marekebisho yaliyoruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Mamia ya mahabusu nchini waliandika barua.

Mmoja wa wenzake mdogo wangu aliandika. Alikuwa na mtoto mgonjwa na mke aliyebaki peke yake. Ndugu zake waliuza shamba, wakalipa, akatoka. Siku iliyofuata ya kutembelea, mdogo wangu aliniuliza kupitia kwenye wavu, "Dada, niandike kwamba nimeiba?"

Familia ilikaa kikao. Wajomba walisema aandike, ulimi hauna mfupa, na Mungu anaujua moyo wake. Shangazi alisema akiandika ataitwa mwizi hadi kaburini na watoto wake baada yake. Mama alikuwa ameanza kuugua moyo. Wote tulimgeukia yeye. Alisema, "Nataka kumwona hapa nyumbani. Lakini sitamwambia adanganye. Na akidanganya, sitamuuliza."

Sijawahi kusikia teolojia iliyo nzito kuliko hiyo. Katika maneno yale machache mama aliishika kweli na akamshika mwanawe, hakuachia kimojawapo.

Mdogo wangu alichukua muda wake. Alisali, aliongea na mchungaji wa magereza, aliongea na yule mzee wa alfajiri. Mwishoni alinijibu kwamba hataandika. Alisema heshima ya jina alilopewa na baba ndicho kitu pekee alichoingia nacho ambacho hakikuandikwa kwenye daftari la mapokezi, na angependa kutoka nacho. Alinikumbusha habari ya Shadraka, Meshaki na Abednego, ambao walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa na tanuru, na hata asipowaokoa, bado hawataisujudia sanamu.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Hakumwona nyumbani.

Ninaliandika hilo bila kulipamba, kwa sababu nimechoka na shuhuda ambazo mtu akitii tu, ukurasa unaofuata malaika anafungua mlango. Kwetu mlango haukufunguka wakati huo. Gharama ililipwa, na mama alikuwa sehemu ya gharama hiyo. Mdogo wangu anajua, na ni jambo analoishi nalo.

Lakini nilijifunza na upande wa pili. Yule mwenzake aliyekiri simwiti mwongo. Mtu aliyefungiwa miaka isiyo na mwisho, mtoto wake anaumwa, akaambiwa saini hapa uende nyumbani, dhambi kubwa iko kwa aliyemfikisha hapo. Petro alimkana Bwana wake kando ya moto wa makaa, na Yesu mfufuka alimtengenezea samaki na mkate ufukweni, juu ya moto wa makaa, akamrudishia kazi yake. Kwa hiyo ushujaa wa imani haudaiwi kutoka kwa mtu mwingine. Unaweza kuutoa wa kwako. Wa mwenzako ni siri yake na Mungu, na kazi yako ni kumpokea akitoka.

7. Dhambi ya watu wa kanisa haimwondoi Kristo

Kati ya waliotoa maelezo ya kumtaja mdogo wangu yumo mtu aliyekuwa anaimba naye kwaya. Nilimsikia Jumapili akiimba sauti ya tatu, ileile aliyoimba akiwa amesimama karibu na mdogo wangu. Hapo ndipo nilipokaribia kuondoka kanisani. Mateso ya gerezani hayakunisukuma kiasi hicho.

Sisi wa Arusha tumesikia makubwa kuliko hayo. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa katika mji wetu, kwenye majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, na mashahidi walieleza yaliyotokea ndani ya makanisa. Padre Athanase Seromba alihukumiwa kwa sehemu aliyokuwa nayo katika mauaji ya watu wapatao 1,500 waliokimbilia kanisa la parokia yake ya Nyange, Aprili 1994. Kanisa lilibomolewa kwa tingatinga likawaangukia. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ilimpa kifungo cha maisha. Nikiisoma hukumu hiyo ninauliza: baada ya Nyange, kuna nini tena cha kuhubiri?

Jibu nililolipata linatoka Rwanda hiyohiyo, mwezi huohuo. Félicité Niyitegeka, Mhutu, mlei Mkatoliki aliyekuwa anahudumu Gisenyi, aliwahifadhi Watutsi waliokuwa wanawindwa. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka ajiokoe. Alikataa kuwaacha aliokuwa nao. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao, na leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wa taifa. Seromba na Niyitegeka walikuwa wa Kanisa moja, wakisoma Injili ileile. Injili haikubadilika, mmoja aliifuata na mwingine aliisaliti. Nikiondoka kwa Kristo kwa sababu ya msaliti, nitakuwa nimemwacha na Félicité.

Nilibaki. Bado ninashiriki Meza ya Bwana katika usharika ule. Kumsamehe yule mwanakwaya nimeanza, sijamaliza. Ninamtaja kwa jina ninaposali, na bado ninataka aje aseme kweli mbele ya watu. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja ndani yangu, na sioni mahali Injili inaponitaka nichague moja.

8. Tumaini la Kikristo lina makovu

Mwaka 2021 upande wa mashtaka uliieleza mahakama kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri, na mdogo wangu akaachiwa chini ya kifungu cha 91(1) cha sheria ile ya mwenendo wa makosa ya jinai. Watu walipiga vigelegele nje ya mahakama. Wakili alituita pembeni akatueleza kwamba kuachiwa kwa namna hiyo si sawa na kutangazwa huna hatia, na kwamba kisheria mtu anaweza kushtakiwa upya. Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna fidia. Kazi yake alishapewa mtu mwingine zamani. Tulipofika nyumbani aliomba aachwe peke yake penye kaburi la mama.

Nimemfikiria sana Tsehay Tolessa wa Ethiopia. Mume wake, Mchungaji Gudina Tumsa, katibu mkuu wa Kanisa la Mekane Yesus ambalo ni la Kilutheri kama letu, alitekwa Addis Ababa tarehe 28 Julai 1979, wakati wa utawala wa kijeshi wa Derg, akauawa. Tsehay naye alifungwa mwaka uliofuata, akateswa, akakaa gerezani hadi 1989 bila kuhukumiwa. Mabaki ya mume wake yalipatikana mwaka 1992, utawala ule ulipokuwa umeanguka. Alitoka gerezani mwili umeharibiwa kwa mateso, na bado aliishuhudia imani yake mpaka uzeeni. Hakuna aliyemrudishia miaka yake. Haki yake kamili bado iko mbele, kama ya kwetu.

Ndiyo maana ufufuo una uzito kwangu kuliko zamani. Yesu alipowatokea wanafunzi alikuwa na alama za misumari, na Toma aliyekuwa na shaka alialikwa kuzigusa. Mungu alipokishinda kifo hakufuta ushahidi wa dhuluma aliyotendewa Mwanawe. Makovu yaliingia naye katika utukufu. Ninaamini kwamba miaka ya mdogo wangu, na siku za mwisho za mama, hazitafutwa wala kupakwa rangi siku ile. Zitaonekana, zitahukumiwa kwa haki, na waliozibeba watafutwa machozi na Yule ambaye naye alihukumiwa pasipo kosa.

Wewe uliye katikati ya miaka kama ile, mwambie Mungu lile unaloogopa kumwambia. Mtafute mtu mmoja anayeweza kukaa nawe bila kukufundisha. Fuatilia jalada lako, au la ndugu yako, usichoke kuuliza. Usimruhusu mtu akuuzie majibu. Na Jumapili usipoweza kuimba, nenda ukakae. Waache wengine waimbe kwa ajili yako mpaka sauti irudi.

Kwa nini iliruhusiwa, sijui. Nimemuuliza Mungu swali hilo tangu mwaka ule wa kwanza, na bado ninamuuliza, na bado ninamwabudu.